Betri ya Kupanda Marangu na Kurudi

Kutoka Moshi mjini hadi lango la Marangu, kwa kupitia Himo, ni kama kilomita 40 na mwinuko wa karibu mita 1,000. Anayefikiria kununua gari la umeme mkoani Kilimanjaro aanzie hesabu yake hapo, kwa sababu kilomita zinazotajwa kwenye tangazo zimepimwa bila mlima. Gari dogo likiwa na watu wanne lina uzito wa takriban kilo 1,800. Kulipandisha mita 1,000 kunataka karibu uniti 5 za umeme, uniti zilezile tunazonunua kwa LUKU, na ukijumlisha zinazopotea njiani kutoka kwenye betri hadi kwenye magurudumu zinakaribia 6. Mwendo wenyewe wa kilomita 40, hata barabara ingekuwa tambarare, unakula 6 nyingine. Kufika langoni basi ni uniti 12. Kurudi ni nafuu mno: kwenye mteremko wa kuja Himo mota inageuka jenereta na kurudisha uniti 2 au 3 kwenye betri, hivyo safari nzima ya kushuka inaweza kugharimu uniti 2 tu. Kwenda na kurudi, uniti 14.

Sasa tazama Nissan Leaf ya mwanzo, iliyoingia sokoni Desemba 2010 na ambayo wengi huifikiria kwanza wanapotafuta gari la umeme la mtumba kutoka Japani. Betri yake ni ya uniti 24, na ikiwa mpya zinazotumika ni kama 22. Nissan waliamua kutoiwekea mfumo wa kuipooza, si wa maji wala wa feni. Joto liondoke lenyewe kupitia bodi ya betri. Uamuzi huo ulipunguza gharama, lakini mwaka 2012 wenye Leaf wa Phoenix, Arizona, wakaanza kulalamika kwamba betri zinachoka haraka kwa joto, na kampuni ikabadilisha kemia yake kwa matoleo ya 2015. Kwenye dashibodi kuna mistari 12 ya afya ya betri. Wa kwanza ukizimika, karibu asilimia 15 ya uwezo imeshaondoka; kila unaofuata unaondoka na asilimia 6 hivi. Gari lenye mistari 8 limebakiwa na theluthi mbili, yaani uniti 14 au 15. Linafika langoni na kurudi bila akiba yoyote. Washa kiyoyozi, au pitia Mwika kumsalimia shemeji, hesabu imevunjika. Tena mistari hiyo inaweza kurudishwa kuwa 12 kwa kompyuta, betri ikiwa ileile chovu, kwa hiyo mnunuzi asilipe kabla fundi hajasoma afya ya seli zenyewe kwa programu kama Leaf Spy.

Atakayejibu kwamba Leaf za aina hii zilibeba abiria Nairobi, kwa huduma ya teksi ya Nopia Ride iliyoanza mwaka 2018, anasema kweli. Ila teksi ya mjini haipandi mita 1,000 kwa safari moja, na huwa karibu na chaja yake. Kwa anayeishi na kufanya kazi Moshi mjini tu, Leaf yenye betri nzima bado inamfaa.

Kilichobadilisha hesabu ya mlimani ni betri ya lithiamu na fosfati ya chuma, LFP, iliyotoka kwenye maabara ya John Goodenough huko Texas miaka ya 1990 na kupata nguvu mpya kwenye magari madogo baada ya kampuni ya BYD kuonyesha betri yake ya Blade mwaka 2020. Haina nikeli wala kobalti, inavumilia joto zaidi, na inachajiwa maelfu ya mara kabla ya kuchoka. Inalaumiwa kwa uzito, na ni kweli, lakini kilo 100 za ziada hadi lango la Marangu zinakula theluthi moja tu ya uniti. Inalaumiwa pia kwa kugoma kupokea chaji kwenye baridi kali. Hilo ni tatizo la Oslo. Barafu yetu iko Kibo, na magari yanalala Kibosho, Machame na Marangu, ambako maji hayagandi usiku. Kwa sababu hiyohiyo betri ya sodiamu, ambayo kampuni ya betri ya CATL iliitangaza mwaka 2021 na ambayo sifa yake kubwa ni kustahimili baridi, haina cha kutuongezea hapa isipokuwa bei. Na betri ya hali mango, ambayo Toyota inalenga kuianzisha 2027 au 2028, itaanzia kwenye magari ya gharama; mtumba wake utatufikia miaka mingi baadaye.

Je, si afadhali kusubiri? Hoja hii ina uzito. Kwa takwimu za BloombergNEF, uniti moja ya betri iliyogharimu zaidi ya dola 1,000 mwaka 2010 ilishuka hadi dola 115 mwaka 2024, na bei ikishuka, gari ulilonunua jana linashuka nayo. Anayekwenda Dar es Salaam kila wiki, zaidi ya kilomita 500 kwa njia ya Same na Korogwe, asubiri chaja za njiani. Lakini wa Moshi na Arusha, kilomita 80, hana sababu ya kulipia betri kubwa. Gari la LFP la uniti 45 linapanda Marangu na kurudi mara tatu, na hata TANESCO ikikata umeme usiku mmoja, asubuhi gari linaondoka. Ajue tu kwamba aliyezoea bei ya chini ya matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi ataivuka kwa kuchaji.

Jambo moja wauzaji hawalisemi. Watengenezaji wengine, Tesla mmojawapo, hushauri LFP ijazwe hadi asilimia 100 mara moja kwa wiki, kwa sababu volti zake hazibadiliki sana na kompyuta hushindwa kukisia kilichobaki. Anayelala juu Marangu akijaza usiku na kushuka asubuhi, betri haina nafasi ya kupokea umeme wa mteremko, na kazi yote inaangukia breki za kawaida, zinazopata moto hadi Himo. Huyo aishie asilimia 90, kisha ajaze kabisa akiwa Moshi, siku atakayokuwa anapanda.