Fundi wa Maji Magumu

Katika vijiji vya mwambao wa Kilwa, koki inayokaribia kufa hujulikana kwa mdomo wake. Kwanza huota weupe pembezoni, weupe ukawa ganda, na ganda likawa jiwe. Baada ya hapo koki haifungi tena sawasawa. Hudondoka usiku kucha, na kila tone linalokauka huacha chokaa kidogo juu ya ile ya jana. Haba na haba, njia inazibika. Mwishowe kinamama wanarudi kisimani na ndoo zao, na gati la kuchotea maji lililozinduliwa kwa ngoma na hotuba linabaki kuwa pahali pa kufungia mbuzi.

Magati ya namna hiyo nimeyaona mengi. Lakini nakijua pia kijiji kimoja ambako gati kongwe kuliko hayo yote bado linatoa maji, na halikuokolewa na mradi mpya wala pampu ya fedha nyingi. Limetunzwa na mzee mmoja fundi bomba, kwa mazoea yake ya tangu ujana. Naandika juu yake na wenzake wachache waliobaki, kwa sababu ufundi wao ni wa kutunza, na sisi tumezoea kuwapigia makofi wanaojenga.

Kazi yake huianza alfajiri, kabla foleni ya ndoo haijapangwa. Hufunga valvu, akangoja maji yaliyobaki kwenye bomba yaishe, kisha hulegeza kiungo kwa spana aliyoizungushia kitambaa mdomoni ili isichubue. Hapigi kitu nyundo. Kijana mmoja aliyekuwa akimsaidia alitaka kuigonga elbo, kile kiungo cha kona cha chuma, ili chokaa imeguke. Mzee akamshika mkono, akaichukua elbo, akaitumbukiza ndani ya kopo la maji ya ndimu. Tukakaa kitako kuitazama. Vipovu vidogo vikaanza kupanda, vingi na vya haraka, kama pilau inayoanza kuchemka chini ya mfuniko. Mzee hakuondoa macho pale. Vipovu vilipopungua, aliitoa elbo, akaisugua ndani kwa mswaki mkuukuu, akaisuuza kwa maji mengi, akaiinua kwenye mwanga na kuchungulia tundu lake. Ndani kulikuwa bado na weupe mwembamba uliolala sawia juu ya chuma.

"Babu, mbona hujaumaliza?" nikamuuliza.

"Ukiutoa wote, mjukuu wangu, chuma kitabaki uchi."

Jibu hilo limebeba elimu kubwa. Bomba la chuma hupakwa zinki ili lisishike kutu, na tindikali ya ndimu au siki haichagui: ikimaliza chokaa huanza kuila zinki. Ganda jembamba la chokaa, likiwa limetulia, hulikinga bomba. Ganda nene huliziba. Kati ya kinga na maradhi pana unene mdogo tu, na ni jicho la fundi linaloupima. Mwenye pupa ataitumbukiza elbo kwenye tindikali kali ya dukani, ataitoa ikimeremeta, atajisifu. Na haitachukua muda mrefu kabla kutu haijaanza kutoboa pale palipong'aa.

Maji haya magumu hayana ubaya wa asili. Mvua ikipita kwenye udongo hubeba hewa ya ukaa, ikawa na uchachu kidogo, na uchachu huo huyeyusha mawe ya chokaa chini ya ardhi. Yakiwa huko chini maji ni maangavu na jiwe halionekani. Yakipanda, yakapashwa moto na jua au yakaachiliwa kutoka kwenye mgandamizo, hewa ile hutoka na jiwe hurudi kuwa jiwe. Shirika la Afya Duniani halijaweka kiwango cha ugumu wa maji kwa sababu ya afya, na wenyeji wameyanywa vizazi kwa vizazi. Wanalojua ni kwamba sabuni haitoi povu, birika huota magamba, na maharage hugoma kuiva mpaka yatiwe magadi. Jikoni watu walikwisha patana na maji yao. Kwenye mabomba ndiko tulikoshindwa.

Na kushindwa huko kunaumiza zaidi kwa sababu ya pahali penyewe. Watu wa Kilwa waliifahamu chokaa tangu kale. Waliyachoma matumbawe yakawa unga, unga ukawa lipu, na lipu ilipokauka ukutani ikawa jiwe tena. Pale Kilwa Kisiwani, katika jumba la Husuni Kubwa, walijenga birika la kuogea lenye pembe nane, na msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliusifu mji huo kuwa miongoni mwa miji mizuri. Walioujenga hawakuogopa mawe wala maji. Walijua kuwa ukuta wa chokaa unadai mkono wa mtu mara kwa mara, kuupaka na kuuziba nyufa, na wakautoa mkono huo. Sisi tumerithi magofu yao, lakini desturi hiyo ya kurudi mara kwa mara hatukuirithi.

Zama za mabomba vijijini zilikuja kwa matumaini makubwa. Mwaka 1971 Tanzania ilianza programu ya miaka 20 ya maji vijijini, lengo likiwa kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwanakijiji apate maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mikoa ya Mtwara na Lindi, ulio na Kilwa, ilisaidiwa na Finland. Visima vikachimbwa, matangi yakasimama, mitaro ikafukuliwa kwa nguvu za wananchi. Katika mitaro hiyo ndimo mzee wangu alimojifunza kazi, akiwa kijana wa kubeba mabomba. Mwaka 1991 ulipofika lengo lilikuwa mbali, na miradi mingi iliyojengwa ilikuwa imenyamaza. Fedha za kujenga zilikuwa zimepatikana. Za kutunza hazikupangwa sawasawa, na mafundi wa kutunza walikuwa wachache mno.

Mzee yeye alibaki. Ukifuata njia ya bomba lake, utaona akili ya mtu aliyejua kwamba atarudi. Kila baada ya kona muhimu ameweka yunioni, ili siku ya kusafisha afungue kwa spana bila kukata bomba. Mtaro wake umechimbwa kwa kina, maana bomba lililoachwa juani hupasha maji, na maji yakipata joto humwaga chokaa njiani. Tangini ameyaacha maji yaanguke kutoka juu, yavurugike na kutoa hewa humo humo, ili sehemu ya chokaa itue sakafuni, pahali panapofikika kwa fagio na koki ya kutolea tope. Nyuzi za viungo huzizungushia katani, na washa huzikata kutoka kwenye mpira wa ndani wa tairi. Hakuna kitu hapo kinachongoja mzigo kutoka Dar es Salaam.

Kisha lipo daftari. Ni daftari la shule, jalada limechakaa, kurasa zina alama za vidole vyenye grisi. Kila gati lina ukurasa wake, na kila mstari una tarehe na idadi ya sekunde za kujaza ndoo ya lita 20. Gati la msikitini lilianza na sekunde 80. Likifika 90, anaandika tu. Likifika 110, anaweka kalamu chini na kwenda kuchukua spana. Hangoji malalamiko, kwa kuwa bomba lina siri inayowaponza wengi: tundu lake likibaki nusu ya upana wa awali, maji hayabaki nusu. Kwa mgandamizo uleule hushuka hadi karibu sehemu moja ya sita. Wanakijiji huanza kulalamika wakati fundi mzuri angekuwa amekwisha maliza kazi zamani. Sekunde zile 30 zilizoongezeka zingempita mtu yeyote asiyehesabu.

Siku hizi miradi inajengwa upesi. Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulianzishwa mwaka 2019, na vyombo vya watumia maji vimepewa dhamana katika ngazi ya jamii. Huo ni mpango mwema. Lakini nimetembea kwenye mitaro mipya ambayo mabomba ya plastiki yamefunikwa kwa udongo wa kiganja, mengine yakichungulia jua. Nimekuta mitandao isiyo na yunioni hata moja, imeunganishwa kana kwamba haitafunguliwa milele. Koki ikiganda, hung'olewa ikawekwa nyingine nyepesi ya bei rahisi, na hiyo nayo ikiganda huwekwa ya tatu. Mfuko wa kijiji unatobolewa na vifaa vipya, ilhali kopo la ndimu na asubuhi moja ya kazi vingetosha. Tumeanza kuona kutupa kuwa ndiyo maendeleo, na kutengeneza kuwa dalili ya umaskini.

Mzee sasa macho yamepungua nguvu, na tundu la elbo hulichungulia kwa shida. Vijana waliopita mikononi mwake wameondoka, wengi kuendesha bodaboda. Siwalaumu. Kijiji humlipa dereva papo kwa papo anapomfikisha abiria, lakini fundi aliyezuia bomba lisizibe haonekani kuwa amefanya lolote, maana siku hiyo maji yalitoka kama jana. Hivyo ndivyo tunavyomdhulumu: kadiri anavyoifanya kazi yake vizuri, ndivyo tunavyosahau kwamba ipo. Ujira wake tunauita kujitolea, na elimu yake hatujaitafutia hata kijana mmoja wa kulipwa ili akae naye miaka miwili, ajifunze kusoma vipovu na kuandika sekunde. Daftari lile tunaweza kulihifadhi. Lakini bila mkono uliozoeshwa litakuwa tarakimu tu, na vijiji vyetu vitaendelea kuzindua magati mapya kando ya yale yaliyozibwa na chokaa, na kuiita hali hiyo uhaba wa maji.