Tumbo la Tanuri

Mji wa Kale wa Mombasa umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Hata Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ni mawe hayohayo. Lakini fundi anayetaka kusubu shaba asithubutu kujengea tanuri jiwe hilo. Likifika nyuzi 900 hivi za Selsiasi huanza kugeuka chokaa, nayo chokaa ikipata unyevu huvimba na kumomonyoka. Hiyo ndiyo neema ya wachoma chokaa wa pwani, na ndiyo hasara ya mwenye shaba, maana shaba nyekundu haiyeyuki mpaka nyuzi 1085.

Basi hutafutwa udongo wa mfinyanzi, na sifa zangu zaanzia hapo. Pipa la bati lililokatwa nusu ni ganda tu. Tanuri lenyewe ni kile kinachokandikwa ndani. Fundi huponda vigae vya vyungu vilivyovunjika, akavichekecha, akavichanganya na udongo mbichi. Kigae kimekwisha kuungua, hakinywei tena, kwa hiyo humshika mwenziwe asipasuke. Maji hutiwa kidogo kidogo, udongo ukakandwa mpaka donge lishikamane bila kuganda mkononi. Hushindiliwa kwa ngumi, tabaka nene, hewa isibaki. Tundu la upepo huelekezwa kando, si katikati, ili moto ukizunguke chungu cha kuyeyushia badala ya kukipiga ubavu mmoja.

Wapo wanaotia saruji ya nyumba. Siwasifu: motoni hupoteza nguvu, ikabanduka vipande vipande.

Kisha ni kungoja. Udongo hukaushwa kivulini, na masika yakikaza hapa kisiwani, subira ya fundi hupimwa kweli. Hata ukionekana umekauka, huanziwa moto mdogo wa makaa, ukaongezwa polepole. Unyevu uliojificha hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa njia hujitobolea. Tanuri lililoharakishwa humrushia mwenyewe vigae usoni.

Makumbusho ya Lamu yamehifadhi siwa, baragumu la shaba lililosubiwa kwa kalibu ya nta, nasi twalistaajabia. Tanuri lililoiyeyusha shaba ile hatunalo. Wenye makumbusho, mwiteni fundi mmoja wa jua kali aje akandike tanuri uani mwa Ngome ya Yesu, watoto wa shule wakitazama, na mumlipe ujira wake kamili.