Kipande Kinachosema Kweli

Nikeli na alumini zikiungana kwa atomi tatu kwa moja, kila atomi hushika nafasi yake, na aloi inayopatikana ina sifa adimu: huongezeka nguvu kadiri inavyopashwa joto, hadi kiwango fulani. Tatizo lake ni kupasuka kwenye mipaka ya fuwele. Mwaka 1979 watafiti Aoki na Izumi walionyesha kwamba boroni kidogo sana huifanya ikunjike bila kupasuka. Wengine wakajaribu njia tofauti: kupunguza fuwele hadi chini ya nanomita 100, wakitegemea kanuni ya Hall (1951) na Petch (1953) kwamba fuwele zikiwa ndogo, metali huwa na nguvu zaidi.

Ninaowasifu ni wanaotengeneza kipande chenyewe cha kupimwa, kwa maana hapo ndipo kipimo kinapozaliwa au kuharibika. Poda hutwangwa kwa saa nyingi katika kinu cha mipira ya chuma, ikifanywa bapa, ikivunjika na kushikana upya. Mipira nayo hulika na kuichafua. Herbert Gleiter, nchini Ujerumani, alitumia njia nyingine: alivukiza metali ndani ya gesi na kubana vumbi lake katika ombwe. Kwa vyovyote, joto linaloziba vitundu kati ya chembe ndilo linalokuza fuwele, na fundi hufanya kazi katika upenyo huo mwembamba. Vipimo vya mwanzo vya metali za namna hii vilionyesha unyumbufu dhaifu kuliko kawaida, ikadhaniwa kwamba mipaka ya fuwele ni legevu. Vipande vilipotengenezwa bila vitundu, sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitoweka.

Atasema mtu kwamba sindano ya almasi inatosha kupima ugumu. Inafaa kweli kwa kipande kidogo, hasa tangu mbinu ya watafiti Oliver na Pharr ya 1992, lakini mgandamizo hufumba nyufa ambazo mvuto ungezifichua. Pingamizi zito zaidi ni kwamba fuwele ndogo huteleza kwenye joto kali, hivyo hazifai mapanga ya turbini za injini za ndege. Nakubali. Ila udhaifu huo hauwezi kutenganishwa na ule wa vitundu na oksijeni mpaka mtu atengeneze kipande safi, kisha ataje msongamano wake na ukubwa wa fuwele kabla na baada ya jaribio. Kwani kwenye shaba, fuwele zimeonekana zikikua chini ya sindano hata katika baridi kali.