Kusafisha si Kupaka Rangi

Ukiona vyaelea vimeundwa, walisema wahenga. Na chombo kilichoundwa vema huhitaji kutengenezwa tena baada ya miaka mingi ya safari. Ndivyo ulivyo muziki ulionaswa zamani. Utepe huchakaa, santuri hukwaruzika, na nakala iliyotolewa katika nakala huongeza mvumo ambao mpigaji hakuupiga. Kwa hiyo mafundi huurudia utepe wa asili, wakausafisha, wakatoa santuri mpya ya muziki ule ule. Swali la mhakiki ni hili: je, kazi hiyo imetusogeza karibu na wapigaji, au imetutenga nao?

Twaa mfano mmoja, msomaji mpenzi, katika muziki wa jazi wa Marekani. Santuri iitwayo Kind of Blue, ya mpiga tarumbeta Miles Davis, ilinaswa New York tarehe 2 Machi na 22 Aprili, 1959, katika jengo lililokuwa kanisa kabla ya kufanywa studio. Mafundi waliwasha mashine mbili, moja ya kazi na nyingine ya akiba. Siku ile ya Machi mashine ya kazi ilizunguka polepole kuliko kipimo chake. Utepe ulionaswa polepole, ukichezwa kwa mwendo wa kawaida, hukimbia, na sauti zake zote hupanda. Basi nyimbo tatu za upande wa kwanza zilitoka zikiwa juu kidogo kuliko zilivyopigwa. Mwanafunzi aliyetaka kuzifuatisha kwa piano aliona piano na santuri havipatani, na pengine alidhani kosa ni lake.

Kosa hilo lilidumu zaidi ya miaka 30. Katika toleo la mwaka 1992 mafundi waliutumia utepe wa mashine ya akiba, uliokwenda kwa mwendo wa haki, na nyimbo zikarudi mahali pake.

Sikiliza wimbo wa kwanza, So What, katika toleo zuri. Piano ya Bill Evans na besi ya Paul Chambers huanza kwa unyenyekevu, kama watu wawili wanaonong'onezana. Kisha besi husema, na wengine huitikia kwa sauti mbili fupi. Davis anapoingia, Jimmy Cobb hupiga toazi moja. Mlio wake huenea, hukaa, kisha hufifia polepole nyuma ya tarumbeta. Katika nakala iliyochoka mlio huo ni kishindo tu. Katika nakala safi unaweza kuufuata mpaka unapokwisha. Raha ya jazi imo katika mambo madogo ya namna hii, kwa kuwa wapigaji wengi huyatunga pale pale.

Wako wanaosema kwamba walikua na santuri ya zamani, wakaipenda ilivyo, na kuigeuza ni kuwanyang'anya ujana wao. Hoja hii yastahili huruma, lakini haishindi. Mwandishi akinakili utenzi wa kale akapoteza mizani, mhariri anayeirudia hati iliyo bora hambandikii mshairi maneno mapya. Humrudishia yaliyo yake.

Hata hivyo, si kila kinachoitwa kipya kimesafishwa. Santuri za Louis Armstrong na kundi lake la Hot Five, zilizoanza kunaswa mwaka 1925, zina mchakacho mwingi. Fundi mwenye pupa huufuta wote, na pamoja nao huufuta mng'ao wa korneti. Mwingine huziinua sauti za chini hata zikalingana na za juu, na mnong'ono ukawa kelele. Huo ni uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Ukitaka kuhukumu kwa haki, weka toleo la zamani na toleo jipya kwa kiasi kimoja cha sauti, kwani sikio huhadaika likadhani chenye nguvu zaidi ndicho bora. Kisha usiulize ni lipi linalong'aa. Uliza ni katika lipi unamsikia kila mpigaji mahali pake, na kimya kilicho kati yao. Hilo ndilo la kununua.