Presha ya oili haibebi krenki: uhakiki wa matangazo ya pampu za kutanguliza oili

Msomaji, ukifuatilia matangazo ya vifaa vya malori na jenereta utakutana na sentensi moja inayorudiwa kama kiitikio: asilimia 80 ya kusagika kwa injini hutokea wakati wa kuwasha. Wengine wanasema 90. Baada ya hapo inakuja dawa: pampu ndogo ya umeme, mipira miwili, na injini yako inapata oili kwenye beringi kabla hujagusa starta. Kama una Fuso inayokulisha, na unajua gharama ya kusaga krenki na kununua beringi mpya, utashawishika tu.

Niseme mapema: kifaa chenyewe ni kizuri. Kibovu ni maelezo yanayouzwa pamoja nacho, na ubovu huo unamfanya mnunuzi atumie pesa kwenye pampu halafu abane kwenye mpira.

Tuanze na hiyo asilimia. Ya injini gani? Iliyolala usiku mmoja au miezi mitatu? Kwenye baridi kali au joto la Tanga? Na kinachosagika ni beringi au ringi za pistoni? Namba isiyojibu maswali hayo haikusaidii kuamua chochote. Lori linalowashwa alfajiri na kuzimwa jioni baada ya kilomita 600 halifanani hata kidogo na jenereta inayolala wiki nzima ikisubiri umeme ukatike.

Kosa la pili ni zito zaidi. Matangazo mengi yanachora oili ya pampu kana kwamba inainyanyua krenki ili isiguse beringi. Hebu tupige hesabu. Chukua pistoni yenye kipenyo cha sentimita 12. Eneo lake ni kama sentimita za mraba 113. Mwako wa dizeli ikiwa na mzigo unaweza kufika bar 150, yaani takriban kilo 150 kwa kila sentimita ya mraba. Zidisha: tani 17 hivi zinashuka kwenye konrodi moja. Beringi ya konrodi yenye upana wa sentimita 3.5 kwenye krenki ya kipenyo cha sentimita 8 inapokea mzigo huo kwenye sentimita za mraba 28, kwa hiyo ni kama kilo 600 kwa kila moja. Pampu ya oili inatoa nne au tano. Wakati wa kuwasha mzigo ni mdogo kuliko huo, sawa, lakini bado pampu haiufikii.

Sasa nani anaibeba krenki? Inajibeba yenyewe. Mwaka 1883 mhandisi Beauchamp Tower alitoa ripoti ya majaribio aliyoyafanya Uingereza kwenye beringi za ekseli za treni. Alitoboa tundu juu ya beringi ili aweke kilainishi, lakini badala ya oili kuingia, ikawa inatoka. Akaziba kwa kizibo, kikasukumwa nje. Akafunga geji iliyoishia pauni 200 kwa inchi ya mraba, mshale ukapita mwisho wa geji. Hapakuwa na pampu yoyote! Ekseli ilipozunguka iliikokota oili na kuibana kwenye mwanya unaozidi kuwa mwembamba, na presha ikazaliwa humohumo. Miaka mitatu baadaye Osborne Reynolds akaandika hesabu zake, na hadi leo beringi za injini zinabuniwa kwa kuzifuata.

Maana yake kwako ni hii. Pampu ya kutanguliza oili haiondoi mgusano wa mizunguko ya kwanza, kwa sababu krenki bado haina kasi ya kujenga ule utando. Inachofanya ni kuhakikisha oili ipo pale ya kukokotwa. Kwenye injini iliyozimwa jana, mabaki kwenye beringi mara nyingi yanatosha kwa sekunde chache kabla presha haijapanda, na tabaka laini la juu ya beringi, lenye unene wa kama milimita 0.02, limewekwa ili livumilie migusano mifupi. Kwenye injini iliyotoka kufanyiwa oveholi, au iliyolala muda mrefu mpaka njia za oili zikakauka, hakuna cha kukokota. Hapo pampu inaokoa pesa kweli. Injini kubwa za meli na za kuzalisha umeme, kama zile za Kipevu kule Mombasa, huwa na pampu hiyo tangu kiwandani, na kwa kawaida mfumo hauruhusu kuwasha kabla presha haijafika.

Sasa mipira, ambayo tangazo huigusa kwa neno moja: “imara”. Imara kwa nini? Mpira wa rejeta kwa kawaida ni wa EPDM, aina inayovumilia maji ya moto vizuri sana lakini ikikutana na oili ya injini inavimba na kulegea. Kwa macho unafanana na mpira wa oili, na kwenye gereji ndio ulio karibu. Ukiufunga kwenye mfumo huu, tabaka la ndani linaweza kumeguka vipande na kwenda moja kwa moja kwenye beringi, hasa kama fundi ameunganisha baada ya filta. Upande wa kufyonza una ugonjwa wake: mpira usio na waya ndani hujibana wenyewe, au klipu iliyolegea inavuta hewa, na pampu inalia vizuri kabisa huku ikisukuma povu.

Halafu kuna vali ya njia moja. Ikikosekana, injini ikishawaka oili yenye presha inaweza kurudi kupitia pampu hadi kwenye sampu, na umejipunguzia presha uliyolipia.

Baya kuliko yote ni mpira kupasuka karibu na tabo. Oili inaruka kama dawa ya mbu kwenye chuma cha moto. Sheria za kimataifa za usalama wa meli, SOLAS, zinataka sehemu zinazopita nyuzi joto 220 zifunikwe pale ambapo mafuta yakivuja yanaweza kuzifikia. Tabo ya lori lililopanda Kitonga na mzigo inapita hapo bila shida.

Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha pampu, muulize mpira ni wa aina gani, unavumilia presha na joto kiasi gani, na vichwa vyake vimebanwa kwa mashine au kwa klipu ya bisibisi. Maduka yanayobana mipira ya haidroliki ya magreda yanaweza kukutengenezea. Upitishwe mbali na silensa, usijipinde, usisuguane na chesisi.

Na kama lori lako linawashwa kila siku, kuna njia isiyo na mpira hata mmoja. Baada ya kubadilisha filta au kufanya oveholi, kata dizeli, piga starta kwa vipindi visivyozidi sekunde 30, ipumzishe ipoe, rudia mpaka geji ya oili inyanyuke. Ndipo urudishe dizeli.