Korosho ya Bibi

Nilikaa siku tatu nikichora nembo ya duka la vitambaa hapa Mombasa. Korosho moja nyekundu, imejikunja mkia, imezungukwa na nukta nyeusi zilizopangwa mbili mbili. Nilipomaliza nilijipikia chai ya tangawizi kwa kujipongeza. Mama akapita nyuma yangu, akaitupia jicho kompyuta, akauliza, "Leso ya bibi yako umeitoa wapi?"

Akaingia chumbani, akarudi nayo. Imepauka, ina harufu ya kabati. Korosho ni ile ile, mkia umeelekea kule kule. Nukta mbili mbili, hata mwanya ulio kati yake. Bibi alinibeba mgongoni kwa leso hiyo, na mtoto wa mgongoni hana kingine cha kutazama ila pindo lililo mbele ya pua yake. Sikuiba. Kubuni nako sikubuni.

Tangu siku ile nawaheshimu zaidi wachora leso. Wamepewa kiwanja kidogo: pindo pande zote nne, mji katikati, na jina, yaani yale maneno, kwenye kisanduku chake chini ya mji. Ndani ya mipaka hiyo watu wamechora kwa zaidi ya miaka 100, na bado mwanamke akisimama dukani Biashara Street atakwambia ipi mpya na ipi imerudi na rangi nyingine. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza 1887, huchapa "Mali ya Abdulla" kwenye leso zake, mnunuzi ajue mwenyewe ni nani. Maneno hayo humzuia mwizi wa makusudi. Kumbukumbu ya mtoto wa mgongoni haina muhuri wa kuizuia.

Na hiyo korosho, ya nani? Umbo lilitoka Uajemi na India, na huko India wengi huliita embe. Karne ya 19 wafumaji wa Paisley, Uskoti, waliliiga kutoka kwenye shali za Kashmir, kwa makusudi na kwa faida, hata Waingereza wakalipa jina la mji huo. Lilipofika pwani yetu, watu wakalitazama wakaona korosho. Na mkorosho wenyewe si wa hapa: Wareno waliuleta kutoka Brazil. Mgeni kaazima jina la mgeni, na leo ukimwonyesha mtu wa Mombasa au Mtwara umbo lile, hatakutajia Uajemi. Kwangu mimi ubunifu ni huo, jicho kuona korosho pale ambapo wengine waliona embe.

Wapo wabunifu wanaojisifu kwamba hawatazami kazi za wenzao wasije wakaiga. Siwaungi mkono. Asiyetazama ndiye anayenaswa, maana hajui alichokibeba. Ningezifungua leso za nyumbani kabla ya kuwasha kompyuta, ningeitambua korosho ya bibi ikitoka mkononi, nikaamua mwenyewe kuiacha au kuigeuza.

Mteja nimemweleza nembo imetoka wapi. Ameipokea hivyo hivyo, ila nukta nimeziondoa. Leso iko kwa fundi. Pindo limefumuka upande mmoja.