Visasili vya Kiyunani, Unajimu wa Kiswahili na Anga la Olenguruone

Miongoni mwa maandishi ya Kiswahili yasomwayo hata na watu wasiopata kufungua diwani ya mashairi, yapo yale ya safu ya nyota magazetini. Wahakiki wameyapuuza, na sababu ya kuyapuuza yaeleweka: fani yake ni hafifu na ahadi zake ni zile zile juma baada ya juma. Hata hivyo, ndani ya safu hiyo mna visasili vya Wayunani wa kale vilivyosafiri kwa njia ndefu, na siku hizi vimevikwa dhima mpya, ile ya kumsaidia mtu "kujitambua". Swali la uhakiki ni kwamba ishara hizo humwambia nini mkulima wa viazi au mchuma chai wa Olenguruone, katika nyanda za juu za Mau, wilaya ya zamani ya Nakuru, ambako juu ya kichwa chake pana anga lililokwisha kupewa majina na Wamaasai na Wakipsigis.

Yafaa kuanza na majina yenyewe. Unajimu haukutoka Uyunani ukaja moja kwa moja Afrika Mashariki. Ulipitia kwa wanajimu wa Kiarabu, na pwani ya Waswahili ukapokewa kwa majina ya Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akarabu, Kausi, Jadi, Dalu na Hutu. Katika safari hiyo picha zilibaki lakini hadithi zikaanguka njiani. Kwa Myunani, nyota ya kwanza ilikuwa kondoo dume mwenye manyoya ya dhahabu, aliyewabeba Friksosi na Hele wakimkimbia mama wa kambo. Mwarabu alibakiwa na mwanakondoo tu. Katika magazeti mengi ya Tanzania mwanakondoo huyo amegeuka Punda! Yamkini hamali ilisikiwa kama himari, au huenda neno hilo lilivutwa na hamali wa bandarini, mchukuzi wa mizigo. Kwa vyovyote vile, msomaji aliyezaliwa mwishoni mwa Machi huelezwa kuwa yeye ni shupavu na mwenye kutangulia mbele, sifa za kondoo dume wa vita, huku jina alilopewa likimwita mnyama wa mizigo. Hakuna mhariri aliyeonekana kushtuka. Dalu nayo ni ndoo. Ganimede, kijana mzuri aliyenyakuliwa akawe mnyweshaji wa miungu, ametoweka, kikabaki chombo chake. Kausi ni upinde, nasi tumeufanya Mshale. Yule nusu mtu nusu farasi aliyeushika hayupo tena.

Zaidi ya hayo, mwanajimu wa pwani hakumtafuta mtu kwa tarehe ya kuzaliwa. Alichukua jina lake na jina la mama yake, akazihesabu herufi kwa abjadi, akagawanya kwa 12, na baki ndiyo iliyoonyesha nyota. Nafsi hapa haikuwa ya mtu peke yake. Ilifungamana na mama. Safu ya magazeti ina asili nyingine kabisa. Ilipata umaarufu kutokana na makala ya R. H. Naylor katika Sunday Express la London, Agosti 1930, kuhusu kuzaliwa kwa binti mfalme Margaret. Kwa hiyo Kiswahili kina unajimu mbili zinazotumia maneno yale yale, na marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 2011, alijulikana sana kwa sababu alisimama palipo na makutano yake.

Tawi la "kujitambua" ni changa zaidi. Dane Rudhyar alichapisha kitabu chake juu ya unajimu wa nafsi mwaka 1936, akiegemea mawazo ya Carl Jung, na Liz Greene akaliendeleza wazo hilo katika kitabu chake kuhusu majaliwa cha mwaka 1984. Katika mkondo huu visasili vilivyoanguka njiani hurudishwa, ila havirudishwi kama habari za miungu. Hurudishwa kama ramani ya moyo wa mtu. Mfano upendwao sana ni ule wa Kironi, nusu farasi mwenye hekima, aliyechomwa kwa mshale wa sumu wa Herakle, akawa mganga asiyeweza kujiganga. Charles Kowal alipogundua kiolwa kidogo cha angani mwaka 1977 na kukiita jina hilo, wanajimu walikitia mara moja katika hesabu zao kuwa alama ya jeraha la ndani. Hoja hii ina uzito wake. Kisasili kizuri kweli humpa mtu maneno ya kutaja maumivu ambayo angeyanyamazia.

Lakini ishara zina hali ya hewa yake. Mizani ya Wayunani ni wakati ambapo mchana na usiku hulingana, na ndiyo maana waliozaliwa chini yake husifiwa kwa usawa. Olenguruone haiko hata digrii moja kamili kutoka ikweta. Huko mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Kama ishara ingefuatwa kwa haki, wakazi wote wangekuwa wa Mizani. Hamali ni mwanzo wa majira ya kuchipua baada ya baridi ya theluji. Olenguruone ni mwanzo wa mvua ndefu, na mtu hutazama jembe. Isitoshe, kwa sababu mhimili wa dunia huyumba polepole, jua la mwishoni mwa Machi sasa limo katika nyota za Samaki, si za Hamali.

Sasa na tutazame anga lenyewe. A. C. Hollis, katika kitabu chake kuhusu Wamaasai cha mwaka 1905, aliandika kuwa Kilimia kwao ni nyota sita zifuatanazo kama ng'ombe, na kwamba kutoweka kwake huwajulisha kuwa mvua kubwa imekwisha. Katika kitabu chake cha 1909 juu ya Wanandi, ambao lugha yao ni jamaa ya Kikipsigis, nyota hizo huitwa Koremerik, nazo hutazamwa ili kujua kama mavuno yatakuwa mema au mabaya. Mswahili wa pwani ameziita Kilimia kwa kitenzi cha kulima, naye ana msemo wa kulinganisha kuzama kwake na kuzuka kwake, kwa jua au kwa mvua. Nyota za Orioni ni mfano bora zaidi. Myunani aliona humo mwindaji mmoja mwenye majivuno, aliyeuawa na nge, ndipo wote wawili wakawekwa mbinguni pande mbili, huyu akichomoza yule akizama. Wamaasai, kwa maelezo ya Hollis, waliona wazee, na nyuma yao wajane wakiwafuata. Nyota ni zile zile: kwa mmoja ni kisa cha mtu na kiburi chake, kwa mwingine ni swali la nani atawatunza waliobaki.

Ingekuwa rahisi kumalizia hapo kwa kusema kuwa Mwafrika huiona jamii na Myunani huiona nafsi. Usemi huo ungekuwa wa uongo. Hesiodo, mshairi wa Kiyunani aliyekuwa mkulima, alifundisha kuvuna Kilimia kichomozapo na kulima kizamapo, akataja siku 40 ambazo nyota hizo hufichika. Mkulima huyo wa Boyotia angeelewana na mzee wa Olenguruone kabla hajaelewana na mwandishi wa safu ya nyota. Ubinafsi huo haukuletwa na Uyunani. Umeletwa na kitabu cha kujitambua cha karne ya 20, kilichochagua visasili vya mtu mmoja mmoja na kuiacha kalenda ya shamba.

Wala si kweli kwamba Wakipsigis hawakuwa na njia yao ya kumtambua mtu. Mtoto alipozaliwa, majina ya wahenga yaliitwa moja baada ya jingine mpaka apige chafya, na jina lililoitwa wakati huo, kurenet, likawa lake. Mtu hutambuliwa kwa kuitikia marehemu wa ukoo. Njia hiyo i karibu na abjadi ya jina la mama kuliko ilivyo karibu na tarehe ya gazeti.

Hapa ndipo penye uzito. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni iliwaweka Olenguruone Wakikuyu waliokuwa wametolewa katika ardhi ya Wamaasai. Walipokataa masharti ya kilimo na ya umiliki yaliyowafanya wapangaji, walikula kiapo cha umoja, wanaume, wanawake na hata watoto. Kufikia mwaka 1950 walikuwa wamefukuzwa, wengi wakapelekwa Yatta. Mwaka 1992 watu walihamishwa tena sehemu hizo kwa moto na mishale. Unajimu wa kujitambua, ukimkuta mtu wa namna hiyo, humfundisha kulitafuta jeraha lake ndani, katika Kironi wake. Mshale uliomchoma ulikuwa na mwenyewe, na agizo la kumhamisha lilikuwa na sahihi. Kisasili kimoja cha Wanandi alichokiandika Hollis kinasema kuwa ngurumo, tembo na Mndorobo waliishi pamoja hapo mwanzo. Ngurumo ikamwogopa mtu, ikapanda mbinguni, na tembo aliyebaki akauawa kwa mshale wa sumu. Mshale huo hautafsiriwi kuwa hali ya moyo. Umetoka mkononi mwa mtu, nao hubadili nani anakaa wapi.

Mtafsiri wa safu ya nyota ana kazi ambayo bado haijaanzwa. Angeweza, mahali pa Punda, kuandika Koremerik imezama lini na shamba liko katika hali gani, naye asingekuwa amemwacha Hesiodo.